Kaseti ya Kujaribia Spika

Deki aliileta Mholanzi wa mradi wa maji,
akaacha elfu tano ya kianzio, akarudi kwao
kabla sijamaliza kuunga waya.
Ndani nilikuta kaseti isiyo na jalada,
imeandikwa kwa penseli neno moja
ambalo ulimi wangu wa Kipare ulilikataa.

Nikabonyeza.

Nilidhani mkanda umeng'ang'ania gurudumu.
Nikafungua, nikapuliza vumbi, nikapaka spiriti kwenye hedi,
nikabonyeza tena. Vilevile.
Basi nikaelewa kwamba haijaharibika.
Ndivyo walivyokusudia.

Ngoma zake, niseme nini,
ni cherehani ya Hamduni wa fremu ya pili
ikikimbia peke yake usiku, haina kitambaa,
sindano inashona hewa,
inashona, inashona, tundu juu ya tundu,
na hakuna uzi unaokatika.
Magitaa ni nyuki walioandikishwa jeshi.
Kisha anaingia mtu, au pipa lenye mtu ndani,
anatapika kokoto.

Mpwa wangu Elinaza yuko chuo, Kiingereza anakijua.
Akatafuta maneno yake, akasoma kimya,
akailaza simu mezani kifudifudi.
"Mjomba, haya hayatamkiki mbele ya mama."
Msalaba? nikauliza. "Na seremala wake."
Malaika? "Hao ndio wa kwanza."
Jumapili nilikwenda kanisani kama kawaida,
nikaimba besi, safu ya nyuma,
na shingo yangu, yenyewe tu, ikawa inahesabu zile ngoma.

Sijui nieleze vipi.
Sizichukii mbingu. Nina deni nazo, tena nalipa.
Lakini miaka hamsini na mbili nimesema "asante" kwa sauti ya chini:
kwa mgambo, kwa mwenye fremu, kwa mteja asiyelipa,
kwa nesi aliyenionyesha kitanda kitupu.
Na hawa ni watu wa nchi iliyo chini ya bahari,
wamejenga ukuta kuyazuia maji,
wakasahau kujenga mwingine mdomoni.
Dakika mbili na nusu. Hawaombi radhi. Hawapumui.
Na hawakosei hata pigo moja:
hilo ndilo lililoniteka, mimi fundi,
kwamba hasira inaweza kukazwa skrubu kwa skrubu
mpaka isicheze.

Sasa sikilizeni siri ya Gerezani.
Spika za mikutano ya injili kule Jangwani
hupita mezani kwangu kabla ya Pasaka.
Taarabu haizijaribu, inazibembeleza.
Bongo Fleva inazipaka mafuta.
Mimi nafunga mlango, naweka kile kikaseti,
naziacha zitukanwe.
Koni ikistahimili pale, itamstahimili mhubiri yeyote.
Mama Twaha wa vitumbua hugonga ukuta na mwiko,
kisha huuliza, siku mbili zikipita kimya,
"Fundi, yule mgonjwa wako kapona?"

Mwaka huu nilisimama nyuma ya mikseri
mwinjilisti Zabloni alipoanza kukemea pepo wa ukoo.
Toka! Toka! Toka! Toka!
Sauti ikamshuka kooni, ikapita kifuani,
ikafika kwenye kokoto,
na sindano ya mita ikaegemea palepale,
kwenye nyekundu, mstari uleule.
Watu wakaanguka kama nguo kamba ikikatika.
Nikacheka peke yangu. Wakadhani ni Roho.

Baadaye akanishika bega, jasho limelowesha tai.
"Fundi, spika za mwaka huu zina upako.
Unazifanyia nini?"
Nikamwambia nazijaribia kwa nyimbo za Wazungu.
"Za dini?"

Kaseti ilikuwa mfuko wa shati, imepata joto.
Nikafikiri kidogo.
"Zinamtaja sana Bwana," nikasema.