Maji Mafu

Mwezi ukifika robo, Wete nzima inajua:
maji mafu. Bahari inapumua nusu pumzi.
Lakini maji mafu ya kwangu hayana kalenda.
Yako nyuma ya jiwe la kushoto,
shubiri moja kutoka pembe ya kioo,
ambako masazo ya chakula yamejilaza wiki ya pili
na kujifunika utando mwekundu.

Nilinunua pampu moja, kubwa,
kwa Vuai muuza vipuri, pale Limbani.
"Hii, dada, inajaza hata tangi la msikiti."
Ilisukuma kweli.
Tumbawe laini likalala upande mmoja kutwa kucha
kama mtoto anayesemwa,
vidole kavifumba. Mchanga ukahama,
huku sakafu tupu, kule kilima.
Na nyuma ya jiwe, kimya kilekile.

Nguvu si mwendo. Hilo nilifunzwa na uzi.
Niliuchomoa kwenye pindo la kanga,
nikaufunga kwenye njiti ya ufagio wa chelewa,
nikauteremsha kila pembe, nikiuliza:
hapa je? Na hapa?
Ukinyooka, mkondo. Ukicheza, uhai.
Ukining'inia wima kama kamba ya ndoo kisimani,
hapo ndipo.

Shangazi Mize mlangoni, ungo wa mchele mapajani:
"Bahari iko pale chini, bure. Wewe unailipia umeme?"
Maji ya kifuu, nikamwambia, bahari ya chungu.
"Basi chungu ni wewe,"
akaendelea kuchagua mawe.

Nikairudisha ile kubwa, nikachukua mbili ndogo.
Nikazielekeza zitazamane, si sawasawa, moja juu kidogo,
maji yagongane katikati
yasahau yalikotoka.
Jiwe nikaliinua, nikalitegemeza kwa kokoto mbili,
chini yake njia, upana wa kidole gumba.
Kisha uzi.
Nyuma ya jiwe ulitikisika,
ukakataa,
ukatikisika tena.

Tumbawe lilifunguka siku ya nne, alasiri,
kidole kimoja kimoja,
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Usiku huohuo umeme ukakatika.
Pampu ikinyamaza huamsha kuliko ikinguruma.
Nikatoka kitandani, nikashika upawa,
nikakoroga polepole, kulia, kushoto, kulia,
na nyuma yangu taa ya simu, mkononi mwa Shangazi,
anahesabu kwa sauti,
ananikosoa:
"Kushoto umepunja."