Jamvi la Pima Kumi na Moja

Alikuja na uzi wenye fundo kila ncha.
Akaunyosha kutoka ukumbini kwa bibi yangu,
ukatoka mlangoni, ukavuka kichochoro,
ukaishia kwa jirani, miguuni mwa mbuzi.
"Nataka jamvi la urefu huu. Upana dhiraa tano."
Bibi, Zahara binti Kombo, akaweka ukili chini:
"Na atakayelilalia ni nani? Jini?"

Hakuwa jini. Alikuwa Kumar Mulrajsinh,
mwana wa mtawala huko Kathiawar,
nchi ndogo, bibi alizoea kusema,
ukiianza alfajiri kwa miguu
adhuhuri unaiswali kwa watu.
Ulaya alikosoma, magazeti yalisifu mikono yake,
jinsi alivyougeuza mpira kwa gongo
kama afunguaye ukurasa kando ya mtu aliyelala.
Kisha babake akafa. Kiti akakikalia mdogo wake,
wa mama mwingine,
naye akapewa posho na shauri la kusafiri.

Ndivyo Malindi ilivyopata mwana wa mfalme
wa kupima marobota kwenye kinu cha pamba.

Siku ya tatu hakungoja kupewa jembe.
Alifyeka mwenyewe mbigili nyuma ya kinu,
na jamvi lilipokwisha, miezi miwili na kidole kilichotunga usaha,
akalitandika juu ya mchanga, akalipigilia misumari,
akalikanyaga kwa soksi kwanza,
kama aingiaye msikiti usio wake.
Akamwita Kahindi wa Mwaro, mgema,
kwa ule mkono wake wa kutupa madafu.
Akamwita Velji wa duka la mchele,
na Shee Badi, fundi cherehani, aliyeuogopa mpira
hata siku aliyozikwa.
Alilipa nusu ya jamvi. Nusu, alisema, posho ikifika.

Mwaka wa nzige wazungu wa boma walikuja kucheza,
na viti vyao, na birika lao.
Jioni zilibaki mbio nne tu, gongo likiwa mkononi mwake.
Mji mzima ulisimama juu ya marobota.
Mpira ukapita, ukadakwa nyuma yake.
Hakuna aliyedai kitu. Mwamuzi alikuwa akifuta miwani.
Yeye akalitia gongo kwapani, akatoka.

Walimzomea hadi mlangoni pake.
"Mfalme gani huyu," Velji alilia, "wa kujiuzulu mara mbili!"
Bibi alimpelekea uji, na swali.
"Ulinigusa, Bi Zahara. Wembamba wa unywele.
Wao hawakusikia.
Mimi nilisikia."
Bibi akamkumbusha nusu ya jamvi.

Posho haikufika. Ilifika homa.
Velji ndiye aliyewasha moto, ng'ambo ya Sabaki,
na majivu mto ukayapeleka unakopeleka udongo wake.
Kesho yake bibi akaenda kinuni na mkokoteni wa punda,
akang'oa misumari mmoja mmoja:
"Halijalipwa. Ni langu."

Tangu hapo hakuna msiba mtaani kwetu usiokaliwa juu yake.
Wajane wa Shela wamelilowesha.
Kahindi alipokufa lilibebwa hadi Ganda, likarudi lanuka mnazi.
Upande mmoja, hatua chache kutoka ukingoni,
pana kiraka kilicholika, upana wa sinia,
hapo mipira ilipodunda miaka sita.
Wageni hukaa hapo wasijue. Sisi huwaacha.

Bibi naye alipofika zamu yake
mjomba alisoma wasia kwa sauti, akifuata kidole:
bangili za fulani, mnazi wa fulani,
na chini kabisa: *Namdai Mulrajsinh shilingi kumi na nne.
Asisamehewe.*
Mjomba akacheka, akatazama huku na huku, akanyamaza.

Nilikuwa nimekaa penye kiraka.
Siku ya tatu wanaume walikuja kukunja jamvi.
Nikawaambia wasubiri kidogo.
Nilikuwa na kiganja changu pale palipolika,
nasikiliza.