Majirani wa Karatasi

Ofisi yangu ni meza moja, ghorofa ya tatu, River Road,
kati ya fundi wa saa na mama muuza vifungo.
Mashine sina. Nina simu, rula na mdomo.
Watu huniletea kazi ndogo ndogo
ambazo hakuna mwenye mtambo angeziwashia taa:
kadi mia mbili, lebo mia tano,
ratiba mia na hamsini, tena za haraka.

Sahani ni nne, uchape kidogo uchape kingi,
na bei ya sahani haijui hali ya mtu.
Basi nangoja. Nakusanya.
Wengine kwa haba na haba hujaza kibaba;
mimi najaza karatasi.

Jumanne ile ilijaa hivi:
juu, harusi ya Apondi na Wafula;
kando yake, bucha ya Muchemi wa Kariobangi,
ng'ombe mwekundu anayetabasamu
kana kwamba hajaambiwa;
chini, mtindi wa Nasieku, kutoka Kiserian;
na katika pengo lililobaki, nililolipima mara tatu,
marehemu Zakayo Ondimu,
picha yake na tai ya kuazima.
Milimita tatu kati ya mtu na mwenzake.
Hata Lang'ata hawalali wamebanana hivyo.

Nikaipeleka Industrial Area, kwa Bwana Jitesh,
ambaye husalimia kwa kikokotoo.
"Arubuni, sabini kwa mia."
"Hamsini."
"Karatasi imepanda."
"Hupanda kila nikija. Ina ngazi?"
Akacheka. Hakupunguza.
Akaniagizia chai ya tangawizi,
nikajua nimeshindwa.
"Tayari lini?"
"Kesho."
Kesho yake naijua miaka tisa sasa:
hufika Alhamisi, umeme ukipenda.
Mazishi yalikuwa Jumamosi, Nyamira.

Musembi, anayeisikiliza mashine kwa kiganja,
aliniita pembeni.
"Dada, ng'ombe na mzee wako njia moja ya wino.
Nikimpa ng'ombe wekundu wake, mzee ataonekana amelewa.
Nikimwonea mzee huruma, ng'ombe atakosa damu."
Nikasema, "Gawanya katikati."
Neno la kijinga. Lakini Muchemi ndiye aliyekuwa amelipa zote.

Alhamisi akaja Kwamboka, binti wa marehemu.
Akaisogeza ratiba dirishani,
akaitazama muda mrefu kuliko inavyosomeka.
"Baba alikuwa mweusi," akasema.
Hakukasirika. Kama mtu anayekusahihishia herufi moja
katika jina lake.

Nikampigia Jitesh.
Akanisomea nyuma ya ankara, maandishi madogo kama mayai ya chawa:
*kazi za kuchanganywa hazina madai ya rangi.*
Sikuwa na la kujibu.
Ankara hizo nilizipanga mimi,
mwaka juzi, kwa bei ya urafiki,
na herufi hizo nilizipunguza mimi
ili zitoshe.

Usiku Musembi akabaki.
Mashine ndogo, sahani moja, wino mweusi basi.
Sahani nikalipa; faida ya mtindi ikaishia hapo.
Mzee Zakayo akatoka polepole, mmoja baada ya mwingine,
mweusi, kipara kinang'aa,
anatazama kama mtu aliyedaiwa, akalipa, akadai risiti.

Karatasi moja ya Jumanne sikuikata.
Nimeibandika ukutani, juu ya kalenda.
Apondi alipofuata kadi zake aliiona,
akaweka kidole juu ya jina lake,
kisha juu ya yule mzee mwekundu aliye chini yake.
"Huyu ni nani?"
"Jirani yenu."
Akanyamaza. Fundi wa saa naye akanyamaza,
au labda nilidhani tu.
Kisha akaketi, akalowesha kidole ulimini,
akahesabu kadi zote, moja moja, hadi mwisho.
"Zimepungua nne," akasema.