Wiki Mbili za Kunong'ona

Nilimleta kifuani, ndani ya koti,
katika mfuko wa kitambaa uliofungwa uzi,
tramu ikiyumba, theluji ikipiga vioo,
nami nimekaa wima kama mtu aliyebeba yai lenye ufa.
Uzito wake: barua isiyo na habari nyingi.

Bwana Havránek, mfugaji, alinishika mkono mlangoni:
"Wiki mbili. Usimshike. Usimkodolee macho.
Mpe maji, mpe mwanga, kisha jifanye haupo."
Rahisi kwake kusema.
Mimi hupuliza tarumbeta katika bendi ya wazimamoto wa Líšeň;
hata kikohozi changu husikika ghorofa nne chini.

Binti yangu Radka alimpa jina kabla hajamwona: Knedlík,
lile donge la unga la kuchemsha
tunalochovya kwenye mchuzi kila Jumapili.
Kizimba tulikipandisha juu ya kabati, mbali na mlango,
maana kwa kiumbe huyu
kila anayemtazama kutoka juu ni mwewe.
Pande tatu tukazifunika shuka kuukuu la maua,
wa nne tukauachia taa.
Ndani, matawi membamba kama penseli,
majani ya kutambaa,
na mahali pengi pa kutoonekana.

Watu humwita kigeugeu.
Kwetu hakugeuka.
Siku ya kwanza, rangi ya kahawa iliyoungua.
Siku ya pili, kahawa iliyoungua.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
ya tatu ilipofika tukampa kimya tena,
na nyenje watano waliopakwa unga wa chokaa.
Jioni niliwahesabu.
Watano.

Basi tukajifunza.
Milango tulifunga kwa viganja, si kwa vitasa.
Jitka, mke wangu, akirudi zamu ya usiku hospitalini,
alivua buti nje, kwenye baridi, akiegemea ukuta,
na mimi, ambaye kwa miaka kumi na minne
nilimsalimu kwa kupaza sauti kutoka jikoni,
nilimwendea hadi sebuleni ili nimnong'oneze: umechoka?
Akanitazama.
"Sana," akasema. Kisha akaketi, akaeleza kwa nini.

Tarumbeta nilishuka nayo stoo, chini ya jengo,
nikapuliza katikati ya baiskeli na mitungi ya achari,
mdomo wake nimeuziba kwa soksi.

Asubuhi na jioni Radka alinyunyiza maji,
ukungu mwembamba, ya uvuguvugu,
kwa kuwa Knedlík bakuli halijui;
kwake maji ni kitu kinachoning'inia na kumeremeta.
Alinyunyiza huku amegeuza uso
kama anayempa mtu taulo bafuni.
Nyenje mmoja alitoroka. Aliimba nyuma ya friji
usiku kucha, peke yake nyumbani humu
aliyeruhusiwa.

Siku ya tisa
Radka alikuwa akipiga mswaki, mimi natafuta funguo,
Jitka amelala.
Hakuna aliyeuona ulimi ukitoka.
Hakuna aliyesikia chochote.
Nilihesabu tu: wanne.
Nikahesabu tena, nikiwa nimeshika pumzi.
Wanne!
Radka aliruka juu chini bila kutua visigino,
povu la dawa likimtiririka kidevuni.

Usiku ule alilala kwenye tawi lililo wazi,
mkia umeviringwa kama tone la wino,
kijani kilichofifia, karibu cheupe,
rangi ambayo hakuwa ametuonyesha.

Leo ni siku ya kumi na sita.
Nimeweka kidole mbele ya tawi, chini kidogo,
si juu kamwe, nikasubiri mpaka bega likafa ganzi.
Mguu mmoja ulikuja, viganja viwili vidogo vya koleo,
ukanibana, ukafikiri.
Ukarudi.

Sawa, Knedlík.
Nimeitoa soksi.
Nimepuliza noti moja, ya chini, fupi,
kutoka chumba cha pili, mlango wazi.
Jicho lake moja limegeuka kunitafuta.
La pili limebaki kwa nyenje.