Nguzo ya Saba

Ngara, Julai, saa mbili asubuhi, baridi.
Nyamai amemaliza kufunga nondo:
kumi na sita, nene kama kidole gumba,
na pete zimebanana kama meno ya kitana.
Nikapenyeza kidole. Kikapita.
Nikapenyeza viwili. Vikakwama.
Nikajua ni kokoto gani nitakayoirudisha kwenye lori.

Karatasi inasema: mshuko, milimita sabini na tano.
Aliyeandika alikuwa ameketi.
Hajapiga magoti hapa nguzo inapopokea boriti,
chuma juu ya chuma,
tochi yangu ikiingia mzima na kutoka vipande.

"Ongeza maji," akasema Oguta wa mashine.
Si mtu mbaya. Amelisema neno hilo miaka ishirini
na nyumba zake nyingi bado zimesimama.
Maji hayabishi. Zege likilewa hushuka lenyewe,
hujaza pembe, hung'aa usoni,
kisha maji huhama usiku bila kuaga
na vyumba yalimolala hubaki wazi,
vidogo, vingi, ndani ya nguzo.

Lakini kavu nayo naijua.
Pangani, mwaka juzi, tulibandua mbao
tukakuta sega lisilo na nyuki wala asali,
nondo ziko uchi, zinatutazama.
Mwenye jengo akauliza kama plasta haitafunika.
Itafunika, nikamwambia.
Hiyo ndiyo hofu yangu.

Saa nne, kwa Kwamboka, uji.
Kijana alitaka wake kwenye chupa ya mdomo mwembamba.
Kwamboka hakugusa birika la maji.
Alichukua chujio, akayatoa madonge,
akaukoroga tena, akaumimina,
ukapita mzito vilevile, bila kukwama.
"Nikiuzimua," akasema, "saa sita atarudi na njaa, anitukane."

Nikapiga simu kabla sijamaliza kikombe.
Kokoto ndogo, ya milimita kumi.
Dawa ya kulainisha, kwa kipimo, si kwa jicho.
Maji yaleyale. Narudia: yaleyale.
Mshuko, mia moja na sabini.
Mhasibu akauliza bei ya dawa.
Nikamuuliza bei ya Pangani.

Mchana koni ikainuliwa.
Zege likaketi polepole, kama mtu mwenye mimba,
likajishika, halikumwaga ukingo.
Mia na sitini na tano. Nikakubali.

Tabaka kwa tabaka, Nyamai akiizamisha poka
na kuichomoa taratibu, kichwa kainamisha,
akisikiliza mapovu yakiisha.
Mimi nje nagonga mbao kwa nyundo:
hapa ngo, hapa ngo,
hapa — gonga tena —
ngo.

Kesho kutwa tunabandua.
Jina langu liko chini ya ile namba, kwa wino.
Leo nimelala na nyundo sikioni.