Utepe wa Rangi Tatu

Jumamosi, Sabatia, mvua imekatika saa nne.
Mama ametandika mkeka barazani,
watoto kumi na wanane wanangoja zamu,
makamasi yanawachuruzika, mmoja ana kiatu kimoja.

Utepe wake ni wa plastiki, upana wake kama kidole.
Anauzungusha mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko.
Kijani: nenda ukacheze.
Manjano: mlete tena wiki ijayo.
Nyekundu, na hapo Mama hasemi kitu,
anakaza leso kiunoni, anauliza nani ana pikipiki.

Mimi kazi yangu iko Mbale, mbele ya kompyuta.
Mimi ndiye niliyechapa fungu la lishe mwaka huu.
Milioni tisa. Nikaambiwa, rudia.
Milioni nne. Rudia tena, binti Kageha.
Mwishowe nikachapa kistari,
kile kistari kifupi ambacho kwenye jedwali
hata sufuri kinaionea aibu.

Kistari hakina harufu.
Kistari hakilii usiku.

Na mifupa hii ninayoikalia ofisini,
nani aliilipia? Nakumbuka maziwa ya shule,
pakiti ya pembe tatu tukiitoboa kwa meno,
baridi yake ikishuka mpaka kitovuni.
Baba alikuwa hana kazi, debe la mahindi linakwaruza chini,
nami nikarefuka, nikampita kaka yangu Amugune.
Sikumbuki mtu aliyeniita mzigo wa serikali.

"Vugutsa!"
Miaka miwili, macho ya mtu mzima.
Utepe unazunguka, unapita kijani,
unapita manjano,
unaendelea kukaza.

Mkobani nina kitabu cha bajeti, kurasa mia nne,
karatasi inayoteleza kama samaki.
Mama anakichukua bila kuomba,
anaulaza utepe kwenye uti wake, kutoka juu hadi chini.
Utepe hautoshi.
"Hiki kimeshiba," anasema.
Simwoni akicheka.

Anakiacha mkekani, anaingia ndani kutafuta sukari na chumvi.
Vugutsa anakivuta, anatia pembe yake mdomoni,
anaifyonza polepole, kama anayejua anachokifanya.
Wino unamwachia kidoa cha buluu kwenye mdomo wa chini.

Simnyang'anyi.
Pikipiki inasikika ikipanda kutoka Chavakali.