Shimo la Saba

Baba ameutandaza uwanja mezani,
nyuma ya kalenda ya mwaka jana ya duka la saruji,
kwa kalamu ya bluu inayogoma mpaka uipumulie.
"Hapa mkaratusi. Hapa bwawa. Hapa bonde la ukungu,
mpira ukiingia usiutafute, umekwenda kwao."
Feni inaipeperusha milima yote ya Mufindi;
naikandamiza kwa kopo la chumvi
na sahani ya maganda ya machungwa.

Tabata, saa tatu usiku.
Joto limekaa nasi kama mgeni asiyejua kuaga.
Nina daftari, nina kikokotoo cha simu.
Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi.
Nyumba ya wageni, siku mbili, chai ndani.
Ada ya kucheza kwa asiye mwanachama:
hiyo nimeiandika kwa penseli.

Asubuhi nilipiga simu klabu.
Akapokea binti, sauti imenyooshwa kwa pasi:
"Mzee amewahi kucheza wapi?"
Nikamtazama Baba. Alikuwa ukumbini
anasugua kwa mswaki mkuukuu
raba alizopigania bei Karume, Jumapili.
"Hapo hapo kwenu," nikasema, "miaka kumi na mmoja."

Sikusema: akibeba.
Sikusema mifuko ya watu, hasira za watu,
mtu akikosa, kosa ni la aliyekohoa.
Sikusema alipiga mara moja tu,
alfajiri, shimo la saba,
kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe ya mpera,
mpira ukapaa juu ya chai
na hakuuona ulikoangukia,
maana msimamizi alikwisha mkamata kola.

Kaka Luhala anacheka kwenye simu, yuko Kigamboni:
"Gofu? Na magoti yale?
Hela hiyo mpeleke akapigwe picha ya mifupa."
Hajakosea. Goti la kushoto linalia kama bawaba,
nalisikia kila akiamka usiku.
Baba naye amesikia. Hasemi kitu.
Analamba kidole, analifuta bwawa,
analichora upya. "Lilikuwa huku zaidi."

Tunapunguza.
Nyumba ya wageni, siku moja.
Chakula cha klabu, hapana; tutabeba mayai na chapati.
Mashimo tisa? "Ya nini yote," anasema,
"tutaishia la saba."
Bado inazidi.

Kalamu yangu inashuka hadi mstari
alioniandikisha wa kwanza kabisa, kabla hata ya nauli:
*Kijana wa kubeba, elfu hamsini.*
"Hapa Baba, elfu kumi inatosha. Nimeuliza."
Ananishika kiganja. Si kwa nguvu.
"Raba zirudi Karume. Nitacheza peku.
Hiyo usiiguse."

Umeme unakatika.
Feni inajizungusha kidogo, inakata tamaa,
na kwa mara ya kwanza tangu magharibi
uwanja umetulia mezani.
Namsikia akisukuma kiti,
akipapasa nyuma ya mlango ulipo ufagio,
akitanua miguu, goti likilalamika.
Kisha upepo mmoja mfupi, fyuu,
unanipita shavuni.

Tunangoja.
"Umeuona?" ananiuliza.
"Sijauona, Baba."
"Hata mimi."